Ubuyu Uachiwe Uchachu Wake

Sikukuu zinakaribia, na katika nyumba nyingi watu wameanza kuwaza vya kuweka kwenye sinia la wageni na mifukoni mwa watoto: visheti, kashata, karanga za sukari, na ule ubuyu mwekundu ambao Mombasa wanauita mabuyu. Leo nitakaa zaidi na huo ubuyu, kwa sababu naona unatuponyoka huku tukiutazama. Mwingi unaouzwa sasa ni sukari na rangi zilizogandishwa kwenye mbegu. Ukiuweka ulimini, utamu unakuja wote kwa mpigo mmoja, na unabaki vilevile mpaka mbegu inakuwa tupu. Ule uchachu unaobana mashavu na kukufumbisha jicho haumo tena. Nami nashikilia kwamba uchachu huo ndio ubuyu wenyewe. Anayeutunza anapata shira isiyoharibika, rangi isiyohitaji kichupa cha dukani, na utamu usiochosha. Nitaeleza moja baada ya jingine, lakini kwanza tulitazame tunda lenyewe.

Mbuyu huchanua usiku. Ua lake jeupe hufunguka jua likizama, na popo ndio wageni wake wakubwa. Tunda huchukua miezi kama mitano au sita kukomaa, na linapokomaa hukauka lenyewe likiwa bado linaning'inia mtini. Hili ni jambo la ajabu kidogo katika matunda. Embe ukiliacha mtini linaoza. Buyu linakauka, na ndani ya gamba lake gumu unakuta unga mweupe umeshikamana na mbegu, umefungwa na nyuzi nyekundu. Kwa hiyo mpishi wa ubuyu hana kazi ya kukausha tunda. Mti umeshaifanya. Wanasayansi wanauita Adansonia digitata, kwa heshima ya Michel Adanson, Mfaransa aliyeuchunguza huko Senegal katikati ya karne ya 18. Sisi tunao Dodoma, Singida, Iringa, Mtwara na visiwani. Kenya wanao Kilifi, Kwale, Kitui na Makueni.

Unga ule ni mchachu kwa sababu umejaa asidi za matunda, mojawapo ikiwa ni ya sitriki, ileile iliyomo kwenye ndimu. Una vitamini C pia, na kwa uzito uleule huwa nyingi kuliko ya machungwa. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu utumike katika vyakula vya nchi zake, na tangu hapo unauzwa huko kwa bei ambayo bibi aliyekuwa akiukorogea kwenye uji wa wajukuu asingeiamini. Nawaambieni haya ili tunapoushika ubuyu jikoni tujue kuwa tumeshika kitu cha thamani.

Sasa twende sokoni. Usinunue ubuyu kwa kuutazama tu. Omba mbegu mbili, umumunye. Unga uwe mwingi, wa rangi ya maziwa au wenye wekundu mdogo wa waridi, na uchachu ufike haraka. Ukiona umegeuka kahawia, au ukinusa harufu ya ghala lenye unyevu, uache, hata kama muuzaji ni jirani yako. Ukifika nyumbani usiuoshe. Ukiuosha unga unaondoka na maji na unabaki na mbegu nyeusi zisizo na kazi. Uchambue kwenye ungo, ondoa nyuzi na vipande vya gamba, vunja mabonge yaliyoshikana, kisha utikise kwenye chekecheo. Unga utakaodondoka chini usiutupe hata kidogo. Uweke kwenye bakuli kando. Tutauhitaji mwisho, na ndio utakaoamua kama ubuyu wako ni wa nyumbani au wa kiwandani.

Kwa vikombe vinne vya ubuyu mimi natia kikombe kimoja na nusu cha sukari na kikombe kimoja cha maji. Najua wako wanaotia sukari vikombe vitatu. Wasikilizaji, vikombe vitatu ni vingi mno. Hapo umeshapika peremende yenye mbegu katikati. Sukari na maji viende jikoni pamoja, moto wa wastani, ukoroge mpaka sukari iyeyuke, halafu mwiko utoke. Acha ichemke. Maji yanavyopungua ndivyo joto la shira linavyopanda juu ya lile la maji yanayochemka, na ikikaribia nyuzijoto 110 utaona mapovu yamekuwa mazito, yanapasuka kwa uvivu. Ambaye hana kipimajoto, na wengi wetu hatuna, achote tone kwa kijiko, asubiri lipoe kidogo, alibane kwa kidole gumba na cha shahada. Likivuta uzi mfupi usiokatika haraka, shira iko tayari.

Na hapa ndipo uchachu unapofanya kazi ya kwanza. Kila aliyepika visheti anaijua taabu ya shira inayorudi sukari. Umeipika ikawa safi, ikang'aa, umegeuka kutazama mtoto, ukirudi imekuwa chengachenga nyeupe. Sababu yake ni kwamba sukari ya mezani inapenda kujipanga upya. Kila chembe yake ni glukosi na fruktosi zilizoshikana, na chembe hizo zinafanana zote, kwa hiyo maji yakipungua zinakaa mstari na kuganda kwa urahisi. Ukiweka asidi kwenye shira ya moto, baadhi ya chembe zinaachana. Glukosi inakwenda kivyake na fruktosi kivyake, na mchanganyiko huo wa aina tatu haukubali kujipanga. Ndiyo maana mama zetu hukamulia ndimu kwenye shira ya visheti na kaimati. Hawakuhitaji mtu wa maabara kuwaambia. Katika ubuyu, ndimu hiyo imo tayari ndani ya tunda. Ukiutia ubuyu kwenye shira, unga unayeyuka kiasi, asidi inaingia, na shira inabaki laini, inang'aa, inanata vizuri kwenye mbegu. Ukizidisha sukari, asidi inazidiwa nguvu, na kesho yake unakuta ubuyu una ukoko mgumu wa chenga. Huwezi kuurekebisha kwa kuongeza rangi.

Rangi nayo ina maneno yake. Sote tumekua tukijua ubuyu mwekundu, na furaha ya mtoto kutoa ulimi mwekundu siku ya Idi ni furaha ya kweli, sitaki kuiondoa. Ninachokataa ni rangi inayomwagwa bila kipimo kutoka kwenye kichupa kisicho na jina la mtengenezaji wala maelezo ya viungo. Kama unanunua rangi, nunua ile ya chakula yenye maandishi kamili, na matone machache yanatosha. Lakini ipo njia ninayoipenda zaidi, nayo ni rozela, ile ambayo wengine huiita choya. Chukua konzi moja ya rozela kavu, ichemshe dakika tano katika yale maji yako ya shira, iache ikae, ichuje, pima upya kikombe chako, ndipo utie sukari. Wekundu wa rozela ni wa aina inayopenda mahali pachachu. Kwenye asidi unashika na kukolea; kwenye kitu kisicho na asidi unafifia na kugeuka zambarau au samawati. Ubuyu ni mchachu, kwa hiyo unailinda rangi hiyo, na hiyo ndiyo kazi ya pili ya uchachu. Wako wanaotumia maji ya bitiruti. Yanapendeza sufuria ikiwa bado baridi, lakini wekundu wa bitiruti hauvumilii kuchemka kwa muda mrefu na mwishowe unaelekea ukahawia. Rozela itakupa wekundu wa giza, wa damu ya mzee, na ulimi wa mtoto utapakwa vilevile.

Shira ikishashika, tia iliki iliyotwangwa, kijiko kimoja cha chai, na uitwange siku hiyohiyo. Iliki ya paketi iliyokaa wazi tangu mwaka jana ni vumbi. Tuna iliki nzuri inayolimwa Usambara Mashariki na hatuna sababu ya kupikia vumbi. Tia robo kijiko cha chumvi. Chumvi wengi wanaisahau, nayo ndiyo inayofanya utamu na uchachu vikae pamoja mdomoni bila kugombana. Pilipili manga kidogo, au pilipili kavu ya kusaga kama watu wako wanaiweza. Unguja wako wanaoongeza karafuu na mdalasini, na vanila pia. Mimi karafuu naitia punje mbili tu, kwa sababu ikizidi inatawala sufuria nzima.

Sasa punguza moto, mimina ubuyu, na ukoroge kwa mwiko wa mti kutoka chini kwenda juu, taratibu, dakika tano hadi nane. Usiuache. Shira ikishaishia kwenye mbegu na chini ya sufuria hapana kidimbwi tena, epua. Hapa tulia kidogo, uvute pumzi, halafu chukua lile bakuli la unga uliokung'utwa, unyunyize juu na kukoroga. Kwa nini usubiri kuepua? Kwa sababu vitamini C haipendi moto, na harufu ya ubuyu mbichi haiupendi pia. Unga uliotiwa nje ya moto unabaki na ukali wake wote. Tena unazitenganisha mbegu zisishikane. Tandaza kwenye sinia, funika kwa kitambaa chepesi, acha upoe na kukauka hadi kesho yake.

Onja sasa. Unga wa juu unakuja kwanza, mchachu. Mate yanajaa mdomoni. Mate hayo yanayeyusha shira, na shira inafungua iliki na pilipili. Ndiyo kazi ya tatu niliyoitaja. Uchachu huita mate kuliko ladha nyingine yoyote, na bila mate viungo vyako vyote vinabaki vimefungwa ndani ya sukari. Wanaotia sukari nyingi wakidhani wanaongeza utamu wanaufunga utamu wao wenyewe. Nimewaona watoto waliozoea ule wa dukani wakiuonja huu kwa mashaka, wakakunja uso, wakanyamaza, kisha wakanyoosha mkono tena. Huo mkono wa pili ndio ninaoutafuta.

Karanga za sukari ni habari tofauti kabisa, na tofauti yenyewe inafundisha. Karanga haina asidi. Hapa unataka sukari irudi, tena irudi makusudi. Vikombe viwili vya karanga mbichi zenye ngozi yake, kikombe kimoja cha sukari, nusu kikombe cha maji, vyote kwa pamoja kwenye karai pana. Chemsha huku ukikoroga bila kuacha. Maji yatakauka, na ghafla sukari yote itageuka mchanga mkavu uliozishika karanga. Anayepika mara ya kwanza huona ameharibu na kuongeza maji. Msiongeze maji! Punguza moto, endelea kukoroga, na mchanga ule utaanza kuyeyuka tena pembezoni, ukitia rangi ya hudhurungi, huku karanga zikiiva ndani ya ngozi zao. Nusu ya mchanga ikishayeyuka na nusu ikibaki, tia chumvi kidogo na mdalasini, koroga, mwaga kwenye sinia, zitenganishe kwa uma zikiwa bado moto. Ndugu zetu walioko Ujerumani wanakutana na harufu hiyohiyo kwenye masoko ya Krismasi, ambako lozi zinapikwa namna hii kwenye masufuria makubwa ya shaba na kuuzwa moto ndani ya karatasi iliyosokotwa.

Kuhusu karanga nina neno zito, na naomba mnisikilize. Zichambueni kwa mkono, punje kwa punje, kwenye mwanga wa mchana. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, iliyoota ukungu, iliyopasuka na kuingia wadudu, itupeni, wala msimpe kuku. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya laki moja walikufa, na uchunguzi ukaonyesha kuwa chakula chao kilikuwa na mashudu ya karanga yaliyoingiwa na kuvu. Ndivyo dunia ilivyoijua sumukuvu, ambayo wataalamu wanaiita aflatoksini. Sumu hiyo ikiliwa kidogokidogo kwa miaka huharibu ini na kuleta saratani, na moto wa jikoni hauiondoi. Hata ukizikaanga, sumu haiishi yote, na sukari ikishazifunika huwezi tena kuona ipi mbovu. Kwa hiyo kazi yote ya kuchambua inafanyika kabla ya karai kuguswa. Kaeni chini watu wawili, mpige soga, muifanye.

Kashata nitaipitia kwa haraka, kwa maana wengi mnaijua kuliko mimi. Kanuni yake ni kuyeyusha sukari mpaka iwe rangi ya asali nzito, kutia karanga zilizokaangwa au nazi au ufuta, iliki, kisha kuitandaza kwenye ubao uliopakwa mafuta na kuikata vipande vya pembe nne ikiwa ingali moto. Mwenye kusubiri ipoe ataishia kuivunja kwa mchi. Na iliwe na kahawa chungu, kama inavyoliwa barazani kila jioni. Ikiliwa na soda inapoteza maana yake.

Sukari inapofikia rangi hiyo ya asali joto lake limepita nyuzijoto 160, na inanata. Maji ya moto yakikumwagikia yanateremka. Sukari inabaki ngozini ikiendelea kuunguza. Mtoto asikaribie jiko wakati huo, hata kama amekusaidia kuchambua asubuhi nzima na anaona ana haki ya kutazama. Ikitokea mtu ameungua, mahali hapo pawekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta, si yai. Maji, dakika 20, halafu zahanati kama jeraha ni kubwa. Na watoto walio chini ya miaka 5 wasipewe karanga nzima wala mbegu za ubuyu, kwa sababu zinaweza kuwapalia. Wakorogeeni ule unga kwenye uji au maziwa, nao washerehekee.

Sasa kuhusu kuhifadhi. Pwani yetu ina unyevu, na sukari huvuta unyevu kutoka hewani. Ubuyu, karanga na kashata vipoe kabisa kabla ya kufunikwa. Vikifunikwa vikiwa na joto, mvuke unageuka maji ndani ya chombo na kazi yako inaloa. Chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana ni bora kuliko mfuko. Karanga za sukari zikilegea zirudishe kwenye karai kavu, moto mdogo, dakika chache, zitakakamaa tena. Ubuyu usiurudishe motoni. Ukilowa unyunyizie unga mwingine wa ubuyu, basi.

Nimalizie kwa nyinyi mnaouza, akina mama na vijana wa mezani, mlangoni mwa shule na kwenye stendi za mabasi. Nawaheshimu, na najua mteja amezoea wekundu unaomulika kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini ukumbukeni mti wenyewe. Mbuyu unachukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na mingi tunayookota matunda yake haikupandwa na mtu tunayemjua. Mwaka 2022 kule Kilifi tuliona mibuyu iking'olewa mizima na mizizi yake ili ipelekwe nchi ya Georgia, mpaka Rais William Ruto akaagiza uchunguzi mwezi Novemba. Mti unalindwa na watu wanaojua utamu wa tunda lake, na watawezaje kuujua ikiwa tunawauzia rangi? Pikeni sufuria moja ndogo wiki hii, sukari kikombe kimoja na nusu, rozela, na unga wa ubuyu wa kutosha juu. Iwekeni mezani kando ya ile mliyoizoea, kwa bei ileile, na kila anayesimama mpeni mbegu mbili aonje kabla hajachagua.